Kisigino cha Baba

Bahasha ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya kanzu ya Idi na hati ya shamba. Niliijua kabla sijaigusa. Ilikuwa ya kaki, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo yake imechanika, na ilinuka nta ya nyuki, kwa sababu Baba alihifadhi kila kitu chake cha maana pamoja na bonge la nta, akiamini mende hawalipendi. Nje wanawake walikuwa wanachambua mchele wa hitma ya kesho. Nikatoa picha ya eksirei iliyokuwa ndani, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na mguu wa kushoto wa baba yangu ukanitokea, mweupe ndani ya weusi, kama ulivyonitokea mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa.

Tulikuwa tumemzika siku iliyotangulia, na nilikuwa bado sijalia sawasawa. Wengine walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema ni kazi yangu ndiyo imenizoesha. Hawakujua kwamba kulikuwa na neno moja nililopaswa kumwambia marehemu, neno nililolibeba tangu utoto, na sasa nimechelewa nalo. Nilikuwa nimejiahidi kulisema sikukuu hii, kisha sikukuu ile. Simu ilipopigwa alfajiri kutoka nyumbani, jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa kifo chake. Ilikuwa ni kwamba sasa sitamwambia tena.

Nafundisha majina ya mifupa katika chuo cha afya. Mifupa ya mguu nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuitaja yote huku nafikiria mboga ya jioni. Lakini nikifika kwenye mfupa wa kisigino, ule mkubwa kuliko wenzake wote wa chini ya kifundo cha mguu, sauti yangu hubadilika, na wanafunzi wameshalijua hilo. Huniita Mwalimu Kisigino wakidhani sisikii. Huwaambia kuwa kwa jina la kitaalamu unaitwa calcaneus, kuwa kwa nje una ganda jembamba na kwa ndani una matundumatundu kama sega la asali, na kuwa mtu akianguka kutoka juu akatua kwa miguu, ndio mfupa unaopokea mzigo wote. Huwa siwaambii nilijifunza wapi.

Kwetu ni Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, mahali ambapo mawe makubwa yamekaa juu ya ardhi kana kwamba yalisahauliwa na wenyewe, na upepo hauna adabu. Tulilima alizeti na uwele, tulifuga kuku kama kila mtu, na uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu, juu yake kuna vumbi laini kiasi cha kupokea unyayo. Baba yangu alikuwa mkulima kwa sababu ya njaa na mfuga nyuki kwa sababu ya moyo. Mizinga yake ya magogo ilitundikwa mbali, porini upande wa Ikungi, na kila alipokwenda kuiangalia alikuwa anaondoka na mdogo wake, baba yangu mdogo, wakiwa na baiskeli moja, kamba, panga na unga wa siku mbili. Aliporudi alinuka moshi na nta. Nilikuwa namlaki njiani ili nimnuse kabla ya wengine.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba ile. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye maneno machache ya Kiswahili na mengi sana ya Kinyaturu, na alikuwa na miiko ambayo hakuna aliyemuuliza ilikotoka. Mmoja ulihusu ufagio. Mtu akiondoka nyumbani kwa safari, nyayo zake hazifagiwi mpaka awe amefika mbali. Ukizifagia umemfagia mwenyewe, hana pa kukanyagia huko aendako. Kwa kuwa hatukuwa na saa, Bibi alikuwa na kipimo chake. Asubuhi kivuli cha kihenge, lile ghala letu la nafaka, kilikuwa kinalifunika jiwe la kusagia. Jua likipanda, kivuli kinarudi nyuma polepole. Kikishatoka kwenye jiwe, msafiri amefika, chukua ufagio wako. Kabla ya hapo, uwanja uache ulivyo, hata kama kuku wamekunya hadi mlangoni.

Kufagia uwanja ilikuwa kazi yangu, na niliipenda. Wenzangu wa rika langu watakumbuka raha ile ya asubuhi, ufagio wa vijiti unavyochora mistari ya mviringo kwenye vumbi, unarudi kinyumenyume ili usikanyage ulipokwisha kupita, na mwisho unasimama pembeni ukiangalia kazi yako kabla mbuzi hawajaiharibu. Watu wananisifu kwa mambo mengi siku hizi, lakini hakuna sifa iliyonikaa kama ile ya Baba aliposema kwamba ukifagia wewe, hata mtu anaona aibu kukanyaga.

Siku ile waliondoka kukiwa kumepambazuka tu. Mvua zilikuwa zimekaribia na Baba alitaka kutundika mizinga mipya kabla miti haijatoa maua. Mama alikwenda shamba na Bibi alikwenda kumjulia hali mgonjwa jirani. Nilibaki peke yangu nikimsubiri rafiki yangu, binti wa nyumba ya pili, tucheze mchezo wetu wa kuruka kwa mguu mmoja katika vyumba vilivyochorwa chini. Vyumba vile huwezi kuvichora kwenye uwanja wenye takataka. Nikaangalia jiwe la kusagia. Kivuli kilikuwa bado kimelala juu yake, chote. Nikaangalia njia. Hapakuwa na mtu. Nikasema moyoni kwamba Baba anatembea haraka, bila shaka ameshafika mbali.

Nikafagia. Nakumbuka vizuri nyayo zake, kwa sababu niliziona kabla ya kuzifuta. Alikuwa amevaa katambuga, zile ndala za tairi, na kila unyayo ulikuwa na michirizi ya tairi mbele na shimo dogo la mviringo nyuma, pale kisigino kilipobonyeza. Zilitoka mlangoni mpaka kwenye baiskeli, kisha zikafuatana na mstari wa gurudumu. Nilizifagia zote mpaka kwenye ukingo wa uwanja. Kisha nikachora vyumba vyangu juu yake, rafiki yangu akaja, na tuliruka kwa mguu mmoja mpaka jua likawa kali.

Walirudi kesho yake mchana. Niliona baiskeli kwanza, nikakimbia kumlaki, kisha nikaona kwamba baba mdogo anaisukuma na Baba ameketi juu ya kiti cha nyuma kama gunia, mguu wa kushoto umefungwa shuka na unaning'inia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Tawi lilikuwa limekatika akiwa anavuta kamba ya mzinga. Alianguka wima, akatua juu ya mwamba kwa miguu yote miwili, na wa kushoto ndio uliotangulia.

Bibi alitoka ndani. Hakulia, hakuuliza habari za tawi wala za mwamba. Alisimama katikati ya uwanja, akaangalia chini, akauliza kwa Kinyaturu ni nani aliyefagia jana kabla ya wakati. Bila shaka jirani alikuwa amemwambia, au aliona mwenyewe aliporudi akakaa nalo rohoni. Sikusubiri jibu. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikajiingiza kwenye banda la kuku, nikakaa humo nimekumbatia magoti, katikati ya harufu ya kinyesi na manyoya, nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyeniita. Jua likashuka, Mama akaja kunitafuta, akanitoa, akanifuta, akanipa chakula. Hakuna aliyeuliza tena habari za ufagio, si usiku huo wala siku nyingine yoyote, na mimi niliufahamu ukimya ule kwa namna moja tu. Wote wanajua. Wameona kosa ni kubwa mno halina hata fimbo yake.

Kesho yake tulimpeleka hospitali mjini. Mimi nilibeba chupa ya uji. Daktari alikuwa kijana, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alipopata picha ya eksirei aliiinua dirishani, nami nikasogea. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Huu ni mguu, huu wa juu ni mfupa wa muundi, na huku nyuma chini ndio mfupa wa kisigino. Angalia ulivyobonyea na kupasuka. Kisha akaandika juu ya bahasha, na mimi, niliyekuwa najivunia kusoma kuliko darasa zima, nikasoma herufi moja baada ya nyingine neno ambalo sikuwahi kuliona, calcaneus.

Nikamuuliza maana yake. Madaktari wengine wangenifukuza, lakini huyu alipenda kuulizwa. Aliniambia kuwa ni jina la mfupa huo kwa Kilatini, lugha ya watu wa kale ambayo madaktari wa dunia nzima huitumia kwa majina ya mwili ili waelewane. Wale watu wa kale walikuwa na neno lao la kisigino, akasema, na katika ukoo wa neno hilo hilo limo pia neno la kukanyaga, kukandamiza kitu chini kwa kisigino.

Alisema hivyo kwa furaha ya mtu anayegawa peremende. Mimi nikaisoma bahasha upya. Kumbe hata Wazungu wa kale walijua. Hata madaktari wa dunia nzima wanajua, ndiyo maana wakauita mfupa ule kwa jina la kukanyaga. Mfupa unatokana na nyayo. Ukifuta nyayo za mtu, mfupa wake wa kukanyagia lazima uvunjike, si wa mkono, si wa mbavu, ni ule ule hasa. Mpaka siku ile nilikuwa bado najitetea moyoni kwamba labda Bibi anakosea. Sasa ushahidi ulikuwa umeandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ya kaki, na Baba aliibeba bahasha ile kwapani njia nzima ya kurudi.

Alifungwa plasta, ile watu wanayoiita hogo, nyeupe na nene mpaka chini ya goti, na akarudi nyumbani akawa anaruka kwa mguu mmoja. Naomba mnielewe. Mtoto aliyefuta nyayo za baba yake ili achore mchezo wa kuruka kwa mguu mmoja, kisha anamwona baba yake anavuka uwanja ule ule kwa mguu mmoja akielekea chooni, mtoto huyo hahitaji mahakama. Sikucheza mchezo ule tena. Rafiki yangu alinichoka akatafuta mwingine.

Kisha likatokea jambo lililonimaliza. Kabla hata hogo halijakatwa, niliamka asubuhi nikakuta ufagio haupo mahali pake. Baba alikuwa uwanjani. Ameegemea mkongojo kwa kwapa moja, na kwa mkono mwingine anafagia. Alikuwa ameufunga ufagio kwenye mpini mrefu wa mti ili asiiname. Nilikwenda nikanyoosha mkono kumpokea. Akanikataza kwa kichwa, akasema tu, "Hii sasa ni kazi yangu. Wewe kasome."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali. Niliingia ndani nikalala kifudifudi, nikajua kwamba sasa hawezi kuniamini tena na nyayo zake.

Baba hakuuacha ufagio ule. Hogo lilikatwa, mguu ukapona kwa namna yake, kisigino kikawa kipana na butu, na tangu hapo alitembea kwa ukingo wa nje wa mguu. Unyayo wake wa kushoto ulibadilika, haukuwa na shimo la mviringo tena bali kitu kama mwezi uliopungua, na mimi niliujua kati ya nyayo mia. Hakupanda mti tena. Mizinga akamwachia mdogo wake, ambaye alituletea asali kila msimu, lakini Baba alikuwa anaionja kidogo kwa kidole kisha anasogeza bakuli kwetu. Na kila asubuhi alifagia. Watu walimcheka. Mwanaume mzima, mwenye mke, mama na binti, anafagia uwanja. Wanaume waliokuwa wanapita kutoka msikitini walimtania kuwa siku hizi ameolewa, naye alikuwa anajibu kwamba ndiyo, ila mahari yake bado hawajamaliza kutoa. Wakicheka, na yeye anacheka, na mimi ndani ya nyumba naziba masikio.

Nilisoma kwa bidii ambayo walimu waliisifu bila kujua chanzo chake. Nilipofika chuoni na kuanza somo la mifupa, jambo la kwanza nililolitafuta maktaba ni jina lile. Nililikuta. Daktari kijana hakunidanganya, ila mimi ndiye niliyeligeuza. Watu wale wa kale walikuwa na neno la kisigino kwanza, calx, na kutoka kwenye kisigino wakapata neno la kukanyaga. Kisigino hakikuzaliwa na nyayo, nyayo ndizo zilizozaliwa na kisigino. Nilisoma pia jinsi mfupa ule unavyovunjika kwa watu wanaoanguka kutoka juu ya paa, ngazi na miti, popote duniani, wawe wamefagiwa au hawakufagiwa. Mfupa wa juu yake hushuka kama mchi na kuupasua. Na kama hoja hizo hazitoshi, kuna upepo wa Singida, ambao hufuta nyayo za kila msafiri kabla hajafika hata barabarani. Nilikuwa na hoja zote. Zilikaa kichwani, na hatia ikakaa kifuani, wala hazikuwahi kukutana.

Likizo moja nilijaribu. Nilimkuta Baba amekaa nyuma ya nyumba anachonga mpini, nikamwamkia, nikakaa, nikaanza mbali. Nikamweleza habari za mfupa wake, jina lake na maana yake, na jinsi ulivyo kama sega ndani. Hilo la sega lilimfurahisha sana, akaushika mguu wake akautazama upya. Nikamweleza kuhusu mchi. Nilikuwa nimebakiza sentensi moja tu. Badala yake nikaanza kuokota vipande vya mti alivyochonga. Yeye akaendelea kuchonga, kisha akasema bila kuniangalia, "Tawi lilikuwa bovu, mwanangu. Nililiona tangu niko chini. Nikalipanda kwa ubishi wangu."

Nikaitika tu. Nilidhani anaongea habari za tawi.

Basi ndivyo nilivyofika mpaka kwenye sanduku la bati na bahasha mkononi.

Siku ya pili yake hitma ilisomwa, watu wakala, wakaosha mikono, wakaanza kutawanyika. Alasiri nikamkuta baba mdogo peke yake. Amezeeka sasa, macho yana ukungu, lakini bado anakuja kwa baiskeli. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la kusagia la Bibi, ambalo limebaki pale pale ingawa Bibi alishatangulia zamani na hakuna anayelisagia. Nilimpelekea chai. Nikampa na ile picha aiangalie, akaiinua juani kama alivyofanya daktari, akaitazama muda mrefu.

Nikaona kama sitasema kwa huyu aliyekuwa naye siku ile, basi sitasema kwa mtu yeyote. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyefagia. Nikamwambia kivuli kilikuwa bado juu ya jiwe, hili alilokalia, na nilikiona. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Sikujua kama bado ninayo.

Baba mdogo alirudisha picha kwenye bahasha kwanza, taratibu.

"Najua," alisema. "Tulikuona."

Sikuelewa.

"Tulikuwa tumefika pale juu, kwenye lile jiwe kubwa. Nikageuka nikaona vumbi linapanda nyumbani. Nikamwambia kaka, rudi ukamkataze huyo mtoto, mama akijua patakuwa na maneno. Akasimama, akakutazama. Akacheka. Akasema mwache, ona anavyorudi kinyumenyume asikanyage kazi yake. Tukaenda zetu."

Alikunywa chai kidogo. Nilikuwa nimesimama na sinia mkononi, naogopa hata kulishusha.

"Sasa tuliporudi, mama si akauliza nani kafagia. Wewe ulishakimbia. Kaka maumivu yamembana, hata maji hajapewa, bado yuko juu ya baiskeli. Akasema, ni mimi, mama. Niliamka mapema nikafagia mwenyewe kabla ya kuondoka. Mama akamwangalia. Akamuuliza, wewe? Umeanza lini kufagia? Akamjibu, nimeanza jana." Baba mdogo alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo. "Mama hakuamini. Unamjua bibi yako. Akasema haya, tutaona. Sasa uongo ukishamwambia mama yako, mwanangu, inabidi uufuge kama mfugo. Alipofungwa hogo tu, akaomba ufagio. Nikamwambia kaka, pumzika, mguu huo. Akasema siku moja haitoshi, mama atajua. Nikadhani atafagia mwezi mmoja, mambo yapoe. Mama akafa, bado anafagia. Nikamuuliza, sasa unamfagilia nani? Akasema nimeshazoea."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote ile.

"Alidhani umesahau. Alisema mtoto husahau, tusimkumbushe. Na wewe ulikuwa hucheki naye kama zamani, akadhani ni usomi."

Nilikuwa na swali moja limebaki, na nililiogopa kuliko yote. Nilimuuliza kama Baba aliamini. Kama ndani ya moyo wake, akiwa amelala na mguu ule, aliamini kwamba ni ufagio wangu.

Baba mdogo alifikiri. Namshukuru kwamba hakunidanganya kunifurahisha.

"Mimi niliamini," alisema. "Hata leo sifagii nyuma ya mtu. Yeye alikuwa anasema tawi. Lakini hata kama angeamini, angejibu vile vile."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mbele ya baba mdogo kwa sauti ambayo haifai kwa mwanamke wa umri wangu, mpaka Mama akatoka jikoni, akasimama mlangoni, akarudi ndani. Nililia kwa ajili ya asubuhi zote zile nilizolala nimeziba masikio, nikisikia vijiti vikikwaruza ardhi na kuhesabu kila mkwaruzo kuwa ni hukumu yangu. Kumbe alikuwa ananikinga. Alisimama kwa kisigino kilichopasuka akajiacha achekwe na wanaume wenzake, ili mama yake asije akamgeukia mjukuu. Nami nikamlipa kwa kumkwepa. Tuliishi nyumba moja, tukipendana, kila mmoja akimfichia mwenzake kitu ambacho wote wawili tulikuwa tunakijua.

Asubuhi ya kuondoka kwangu niliamka mapema. Uwanja ulikuwa haujafagiwa tangu Baba alipotolewa, Mama alikuwa amekataza. Ulikuwa umejaa nyayo za viatu vya waombolezaji, punje za wali, manyoya ya kuku. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani pale alipouacha, na mpini wake umekuwa laini na mweusi sehemu mbili, pale mikono yake ilipokuwa inashika. Niliuchukua. Nilipozunguka nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, mahali ambapo waombolezaji hawakupita na ukuta unakinga upepo, niliukuta. Unyayo mmoja wa kushoto, wenye michirizi ya tairi mbele, na nyuma yake mwezi uliopungua.

Nilirudi na ufagio nikakaa mlangoni. Jua lilikuwa limechomoza tu, na kivuli cha kihenge kilikuwa kimelifunika jiwe lote la kusagia. Mimi ni mtu wa vitabu. Najua jina la mfupa ule na lilikotoka, najua ulivyovunjika na kwa nini, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuniambia kwamba ufagio una uwezo juu ya mifupa. Mama akaniuliza kama sichelewi basi. Nikamwambia kuna mtu namsubiri afike. Akavuta kigoda akakaa karibu yangu.

Kivuli kilirudi nyuma polepole, kama zamani. Kilipotoka kwenye jiwe, nilisimama, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza na ule wa karibu na pipa.